Fundi, Hii Simu Inatusikiliza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Matangazo Yanayokufuata

Natengeneza simu. Mteja akileta kioo kilichopasuka, wakati tunasubiri gundi ishike, mazungumzo huishia palepale: "Fundi, niambie ukweli, hii simu inatusikiliza?" Majibu haya nimeyaandika ili nisiyarudie kila siku. Soma swali lako tu ukitaka. Jibu likihitaji lingine, nimekuelekeza kwa namba.

## Lile swali lenyewe

1. Je, simu inasikiliza mazungumzo yangu ili iniletee matangazo?

Hapana, si kwa namna watu wanavyodhani, kwamba maikrofoni iko wazi kutwa na maneno yako yanasafirishwa kwa wenye matangazo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 waone zinatuma nini. Hawakukuta hata moja iliyowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka mazungumzo. Walichokuta ni kingine, na hakikupata umaarufu: baadhi ya programu zilikuwa zikirekodi kioo, pamoja na unachobofya, na kukipeleka kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kujua.

Piga hesabu ya bando pia. Sauti ya simu ya mtandaoni, ile ya ubora wa kawaida, hula kama kilobiti 24 kwa sekunde, yaani kilobaiti 3. Zidisha kwa saa 12 za mchana unapata MB 130 hivi, kwa siku moja, kwa programu moja. Sisi tunaonunua bando la siku tungegundua wizi huo kabla ya saa nne asubuhi. Na kama simu ingekuwa inageuza sauti kuwa maandishi yenyewe ili isile data, ungeisikia inavyochemka mfukoni, na betri isingefika adhuhuri.

Tena, kwenye Android 12 na kuendelea, maikrofoni ikitumika hutokea alama ya kijani juu ya kioo. Kwenye iPhone, tangu iOS 14, ni nukta ya rangi ya chungwa. Ukiiona na hujui imewashwa na nini, hapo ndipo pa kuuliza.

2. Mbona tulizungumza tu, sikutafuta kitu, na tangazo likaja?

Shemeji yangu alikuja kutoka Morogoro wikiendi moja. Tukala, akasimulia mradi wake wa kuku, akasema anatafuta mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ya mayai 96. Mimi sifugi hata njiwa. Sijawahi kuandika neno "kifaranga" popote. Asubuhi yake nafungua Facebook, kikombe cha chai mkononi: mashine ya kutotolesha, mayai 96, tunakuletea mpaka ulipo. Mke wangu akasema, "Si nilikwambia?"

Nikaifuatilia kama ninavyofuatilia simu iliyoingia maji. Usiku ule shemeji alikuwa amepewa nywila ya waifai ya nyumbani. Akiwa kitandani alitazama video tatu za mashine hizo, akaingia kwenye kurasa mbili za wauzaji, akamwandikia mmoja kuuliza bei. Simu yake na yangu zilikuwa zinatoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha nyumba mtandaoni. Namba yake ninayo, yangu anayo, na mtandaoni ni marafiki wa miaka mingi. Ukiwa ndiwe mashine ya matangazo, unaona watu wawili wa nyumba moja, mmoja ameshaonyesha nia ya kununua. Kumjaribu na wa pili ni gharama ndogo sana. Njia zote hizo zilikuwa wazi, na hakuna hata moja iliyohitaji maikrofoni. Mazungumzo yetu mezani na lile tangazo walikuwa mapacha tu, mama yao mmoja: shemeji alitaka mashine.

Kuna na hili. Siku ileile nilionyeshwa chuo cha urubani, mafuta ya kuotesha ndevu na kiwanja Bagamoyo. Hayo sikumsimulia mtu. Tangazo lililokosea hupita kama nzi. Lililopatia tunalipeleka mpaka kibarazani.

3. Lakini Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, na mwenzake wa Google si husikiliza wakati wote?

Husubiri neno la kuamshia, na usikilizaji huo hufanyika ndani ya simu. Tatizo ni pale inapodhani umeliita kumbe hukuliita. Nchini Marekani Apple ilishtakiwa kwa sababu hiyo na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza kesi, huku ikikana kosa na kukana kwamba rekodi za Siri zilitumika kwa matangazo.

Kuna visa vingine vitatu ambavyo watu huvichanganya na hiki. Desemba 2017 gazeti la New York Times liliripoti kuwa michezo ya simu kama 250 ilikuwa na programu ya kampuni ya Alphonso, iliyotumia maikrofoni kutambua sauti za televisheni ili ijue umetazama tangazo gani. Ilikuwa inatafuta sauti za vipindi, haikuwa inafuata maneno ya watu. Kabla yake, mwaka 2016, serikali ya Marekani iliwaonya watengenezaji 12 wa programu kuhusu teknolojia ya SilverPush inayofanana na hiyo. Kisha mwaka 2023 na 2024 zikavuja karatasi za kampuni ya Cox Media Group ikijinadi kwa wateja kwamba inaweza kusikiliza mazungumzo kupitia vifaa janja. Google ikaiondoa kwenye orodha ya washirika wake. Kwangu mimi zile karatasi ni maneno ya muuza duka: alichoahidi mchuuzi na kilichomo ndani ya boksi ni vitu viwili.

## Taarifa zinatoka wapi

4. Sasa kama hawasikilizi, wananijuaje?

Kwa vitu vya kawaida ambavyo ulivikubali mwenyewe siku ulipobofya "Kubali" bila kusoma: namba ya utangazaji ya simu (swali la 5), kurasa unazofungua (6), mahali ulipo (7), majina yaliyomo kwenye simu (8), na namba yako ya simu au barua pepe unapoiacha dukani (10). Kila kimoja peke yake hakisemi mengi. Vikikaa pamoja vinakusema wote.

5. Namba ya utangazaji ni kitu gani?

Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32 ambao simu yako inao, na kila programu yenye matangazo inaweza kuuomba. Apple iliuleta kwake mwaka 2012, Google nayo ikafuata. Haina jina lako. Ni kama namba ya jezi: mgongoni imeandikwa 10 tu, lakini uwanja mzima unajua ni nani anayekimbia. Mchezo wa karata, programu ya hali ya hewa na ya kusoma habari, zote tatu zikiripoti jezi ileile, anayekusanya anajua ni mtu mmoja.

Uzuri wake ni kwamba inafutika (swali la 14). Aprili 2021, kwa iOS 14.5, Apple ililazimisha kila programu iombe ruhusa kwanza kabla ya kumfuatilia mtu nje ya programu hiyo. Februari 2022 Meta, mwenye Facebook na Instagram, ikasema mabadiliko hayo yangeigharimu kama dola bilioni 10 mwaka huo. Mtu akikuambia ile namba ni kitu kidogo, mtajie bei hiyo.

6. Niliangalia viatu kwenye tovuti ya duka, vikanifuata Instagram. Imekuwaje?

Kwenye ile tovuti kuna kipande cha msimbo kisichoonekana ambacho mwenye duka alikiweka kwa hiari yake. Ukifungua ukurasa wa viatu, kile kipande kinatuma ujumbe: mtu huyu, saa hii, ameangalia kiatu hiki, amekiweka kwenye kikapu, hakulipa. Kama umewahi kuingia Instagram kwa kifaa hichohicho, wanakuoanisha. Vidakuzi, vile vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye simu, hufanya kazi ya namna hiyo kwenye kivinjari. Ndani ya programu kazi hiyo hufanywa na namba ya swali la 5. Siku hizi maduka mengi hutuma taarifa hizo kutoka kwenye kompyuta zao moja kwa moja hadi Meta, bila kupitia simu yako kabisa, kwa hiyo hata ukifuta vidakuzi hujagusa njia hiyo.

Ni kampuni ngapi hufanya hivyo? Shirika la walaji la Marekani, Consumer Reports, liliwaomba watu 709 wa kujitolea wapakue kumbukumbu zao za Facebook. Matokeo yaliyotoka Januari 2024: kwa wastani, kila mmoja taarifa zake zilipelekwa Facebook na kampuni 2,230. Wewe mwenyewe unaweza kuiona orodha yako. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Facebook, tafuta sehemu ya shughuli zako nje ya Meta. Mteja mmoja niliyemfungulia alitazama orodha akawa anaishusha, anaishusha, mpaka akaniuliza kama ile ni yake peke yake au ya mtaa mzima.

7. Nimezima GPS. Bado wanajua nilipo?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Simu huona majina ya waifai zilizo jirani hata bila kujiunga nazo, na kuna ramani kubwa zinazoonyesha kila waifai iko wapi. Anwani ya IP hutaja angalau mji. Mnara wa mtandao unakujua bila kukuuliza. Na kwa miaka kadhaa watu waliozima historia ya mahali kwenye akaunti ya Google waliendelea kurekodiwa kupitia mpangilio mwingine. Jambo hilo likaigharimu Google dola milioni 391.5 katika maafikiano na majimbo 40 ya Marekani, Novemba 2022.

Mahali ndipo penye siri kuliko kote, kuliko hata hayo mazungumzo tunayoyaogopea. Mwaka 2013 watafiti walichukua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5, zisizo na majina, wakakuta nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Nawe fikiria: simu inayolala Tabata kila usiku na kushinda kwenye ofisi fulani Posta, mwenye njia hiyo ni mmoja. Ikienda kliniki kila Jumanne, hujaandika popote kuwa unaumwa, lakini umeshasema. Mwaka 2019 New York Times ilipata faili moja lenye nukta bilioni 50 kutoka simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12. Waandishi wakawatambua watu kwa jina, wakiwemo walinzi na maofisa wa serikali, kwa kufuata tu wanapolala na wanapoamkia.

8. Kwa nini programu ya tochi au ya mkopo inataka majina yaliyomo kwenye simu yangu?

Ya tochi haina sababu yoyote, ifute. Ya mkopo ina sababu mbaya: ukichelewa kulipa wapigiwe bosi wako na mama mkwe. Tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kuchukua majina wala picha za mteja, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Ambao walizipakua nje ya duka rasmi bado wako hatarini.

Kwa upande wa matangazo, jambo la kuelewa ni kwamba majina hayo hayakuhusu wewe peke yako. Sisi huhifadhi watu kwa kazi zao: "Mama Asha Kuku", "Fundi Bomba Sinza", "Dada Nywele". Anayepakia orodha yake ya majina mtandaoni anamtaja Mama Asha, namba yake na biashara yake, na yeye hajaulizwa. Ukitaka kuliona hili kwa macho, muombe rafiki mwenye programu ya kutambua wapigaji aingize namba yako. Utajua watu wanakuitaje.

9. WhatsApp wanasoma meseji zetu?

Hawasomi. Tangu 2016 meseji zimefungwa kwa namna ambayo hata wao hawawezi kuzifungua. Wanachokiona ni ganda la bahasha: unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, ukitumia simu gani. Ukimwandikia mfanyabiashara kupitia tangazo, wanajua umembofya. Na mwaka 2025 walitangaza kuanza kuweka matangazo sehemu ya hali, zile picha za saa 24.

10. Nikilipa kwa simu, Facebook wanajua nimenunua nini?

Muamala wenyewe hauendi kwao. Ila dukani ukiambiwa "acha namba tukutumie ofa", duka linaweza kupakia orodha ya namba za wateja wake kwenye mtandao wa kijamii na kuagiza: waonyesheni hawa, kisha tafuteni wengine wanaofanana nao. Mashine inaoanisha namba na akaunti. Hiyo ndiyo sababu ya mtu kununua saruji kwa fedha taslimu na jioni akaona mabati.

Hata namba uliyoitoa kwa ajili ya usalama imewahi kutumika hivyo. Twitter ilitozwa dola milioni 150 mwaka 2022 kwa kutumia kwenye matangazo namba ambazo watu waliziweka kulinda akaunti zao.

## Sokoni

11. Tangazo linanifikiaje kabla ukurasa haujamaliza kufunguka?

Kwa mnada. Tuseme uko kwenye daladala, umesimama, mkono mmoja juu, unafungua habari za mpira. Maandishi yanatokea, chini kuna kiboksi cheupe. Wakati kiko cheupe, tovuti imepiga kengele sokoni: nina nafasi moja, mtu ana Android ya aina hii, lugha yake Kiswahili, yuko Dar es Salaam, mtandao wake huu, jezi yake namba hii (swali la 5), anasoma habari za michezo. Mashine za wanunuzi zinaangalia kwenye daftari zao kama jezi hiyo wanaijua. Mmoja ana rekodi kuwa wiki iliyopita uliangalia viatu, anaweka dau. Mwingine ni kampuni ya kubeti, anaweka kubwa zaidi. Mshindi anaingia kwenye kiboksi. Kwa kawaida yote hayo huisha ndani ya milisekunde 100. Kufumba jicho huchukua zaidi ya hapo.

Kinachonisumbua mimi si mshindi. Ni wale walioshindwa. Wote walioitwa mnadani walisikia maelezo yako, na hakuna anayewafuata nyumbani kuhakikisha wameyasahau. Baraza la Uhuru wa Raia la Ireland lilikadiria mwaka 2022 kwamba taarifa za watu wa Marekani na Ulaya hutangazwa minadani hivyo mara trilioni 178 kwa mwaka.

12. Kwa hiyo wanauza jina langu?

Google na Meta hawauzi daftari. Wanauza nafasi ya kukufikia na daftari wanabaki nalo, kwa sababu ndilo mtaji. Mwaka 2024 Meta iliingiza zaidi ya dola bilioni 160 kwa matangazo, na anayefuga ng'ombe wa maziwa hauzi ng'ombe.

Wanaouza taarifa zenyewe ni madalali wa taarifa. Hujawahi kusikia majina yao, hujawahi kufungua tovuti zao. Hununua kutoka kwa wenye programu ndogondogo, huchanganya, huuza kwa yeyote. Serikali ya Marekani iliishtaki Kochava mwaka 2022 kwa kuuza nyendo za simu zilizoweza kuonyesha waliokwenda kliniki na nyumba za ibada, na Januari 2024 ikaipiga marufuku X-Mode kuuza taarifa za mahali nyeti kama hayo.

13. Walijuaje kitu ambacho sijamwambia mtu, kama ujauzito?

Kwa kukufananisha na waliokutangulia. Kisa kinachojulikana kilisimuliwa na New York Times mwaka 2012 kuhusu maduka ya Target, Marekani. Mtakwimu wao aliangalia wanawake waliokwisha kujiandikisha kuwa wanatarajia, akatazama nyuma walikuwa wakinunua nini. Akapata bidhaa kama 25: losheni isiyo na harufu, virutubisho vya kalsiamu na zinki, mabunda ya pamba. Mwanamke mwingine akianza kununua vitu hivyo kwa mpangilio huo, kompyuta inamkadiria hata mwezi wa kujifungua. Hapo hata simu janja haikuhitajika, ilitosha risiti.

Kipande ninachokipenda ni kilichofuata. Waligundua kwamba wanawake wanaogopa wakipata kijitabu cha kuponi za nepi tupu. Wakaanza kuzichanganya: nepi, kando yake mashine ya kukatia nyasi, kando yake bilauri za mvinyo, ionekane imetokea tu. Kwa hiyo lile tangazo linalokutisha ni lile lililosahaulika kufunikwa.

## Kujikinga

14. Nina dakika tano tu. Nifanye nini?

Kwenye Android: Mipangilio, Google, Matangazo, kisha futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone: sehemu ya faragha na usalama, ufuatiliaji, zima ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Kisha rudi kwenye orodha ya ruhusa, angalia mahali na majina tu. Kila programu isiyo ramani wala usafiri, ondolea mahali. Dakika zikibaki, kata uhusiano wa shughuli za nje uliotajwa kwenye swali la 6. Maikrofoni iache ya mwisho. Najua ndiyo uliyojia.

15. Hali fiche ya kivinjari (incognito) inasaidia? Na VPN?

Hali fiche inamficha mumeo au mkeo asione ulichofungua kwenye simu hiyo. Tovuti inakuona kama kawaida. Google ilishtakiwa kwa kukusanya taarifa za watu waliodhani hali hiyo inawaficha, na mwaka 2024 ikakubali kuteketeza mabilioni ya rekodi za hali hiyo.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya kampuni nyingine, hubadilisha anwani ya IP, lakini ukiingia Facebook ukiwa ndani ya VPN umejitaja mwenyewe mlangoni. Za bure ziogope. Facebook yenyewe iliwahi kumiliki VPN ya bure, Onavo, iliyoionyesha kampuni hiyo watu wanatumia programu gani za washindani wake. Apple ikataka iondolewe dukani kwake mwaka 2018.

16. Nimezima kila kitu, mbona matangazo bado yapo?

Kuzima ufuatiliaji hakupunguzi idadi ya matangazo. Yatakuwa ya ovyo zaidi, hayakufai wala hayakufahamu, na hiyo ndiyo dalili kwamba umefanikiwa. Yakiendelea kutokea juu ya kioo hata hujafungua programu yoyote, hilo ni jambo jingine: kuna programu chafu ndani, mara nyingi uliyopakua nje ya duka rasmi. Lete simu.

17. iPhone ni salama kuliko Android?

Kwa suala hili la namba ya utangazaji, iPhone hukuuliza kwanza, Android inakuachia uende mwenyewe kuifuta. Zaidi ya hapo tofauti ni ndogo kuliko bei zake.

## Kesi za pembeni

18. Mtoto hutumia simu yangu. Matangazo yake na yangu yanachanganyika?

Yanachanganyika, na wewe utaletewa wanasesere mpaka Pasaka. YouTube iliacha kuweka matangazo ya kumfuatilia mtu kwenye video za watoto Januari 2020, baada ya kulipa dola milioni 170 Marekani. Ila mtoto akitazama katuni kisha akabofya nje, ulinzi huo umekwisha. Mfungulie wasifu wake.

19. Mimi nauza nguo Instagram na hulipia matangazo. Je, naona majina ya watu?

Huoni. Unachagua kundi: wanawake, miaka 22 hadi 40, Dar es Salaam, wapenda mitindo, na mashine inawatafuta. Ila ukipakia namba za wateja wako kama ilivyo kwenye swali la 10, wewe sasa ndiye mkusanyaji wa taarifa, na sheria ya swali la 21 inakuhusu hata kama duka lako ni simu moja na begi la mitumba.

20. Wanasiasa nao hutumia njia hizi?

Ndiyo, na Afrika Mashariki inakijua kisa kilichotikisa dunia. Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa siasa, ilifanya kazi kwenye kampeni za Kenya za mwaka 2013 na 2017, na Machi 2018 mkuu wake mmoja alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza akijisifia kazi hiyo. Kama matangazo yao yaligeuza kura, watafiti wengi wana mashaka. Majigambo ya mwuzaji ni yaleyale ya swali la 3.

Hesabu ya kukumbuka kwenye kisa hicho iko kwingine. Programu ya maswali ya tabia iliyotumika kukusanya taarifa za Facebook ilipakuliwa na watu kama 270,000. Taarifa zilizochukuliwa ni za watu hadi milioni 87. Waliobaki walikuwa marafiki tu.

21. Sheria inanilinda?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Una haki ya kujua kampuni ina nini juu yako, kusahihisha, na kukataa taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kenya ilitangulia mwaka 2019, Uganda mwaka huohuo, Rwanda 2021.

Kenya ndiyo imeshaonyesha meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akistarehe. Lakini kiwango cha juu pale ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Klabu itaumia. Kampuni ya swali la 12 haitajua hata kama imelipa.

22. Na zile SMS za matangazo na za "ile hela tuma namba hii"?

Hizo hazina akili yoyote. Namba hubahatishwa au hununuliwa kwa maelfu, ujumbe mmoja kwa wote. Usizichanganye na haya.

23. Nikirudi kwenye kiswaswadu, nimepona?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo: hakuna namba ya utangazaji, hakuna mnada. Mtandao wa simu utaendelea kujua uko chini ya mnara gani na unampigia nani, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Kuna mzee mmoja, fundi friji, aliniletea simu janja yake nimuuzie, akaondoka na ya tochi, amechoka kufuatwa na matangazo ya compressor. Wiki ya pili mwanawe akaja kubadilisha betri. Nilipokuwa namjaribia kupiga simu nikaona jina la baba yake: "Mzee Friji Mbagala". Nikafungua ruhusa. Programu tisa zilikuwa zinasoma orodha hiyo.